Redio Mpya Katika Gari la Zamani: Safari ya Dodoma na Bahi

Nchi ya Dodoma ni nchi ya upeo mrefu. Msafiri atokaye Morogoro, akishazipita Gairo na Kibaigwa, huiona milima ikibaki nyuma na ardhi ikitandazika mbele yake, nyekundu na kavu, yenye mibuyu na vichaka vya miiba, hadi vilima vya mawe vya mjini vinapojitokeza. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ya jua, upepo na vumbi.

Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwaleta abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda ambao zamani usingemfikisha mtu mbali. Pamoja na watu na ofisi, yamekuja magari. Mengi kati ya hayo yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi yana ugonjwa mmoja ambao mnunuzi huugundua siku ya kwanza anapowasha redio: gari halisikii.

Makala haya ni ya gari moja la namna hiyo, na ya jinsi lilivyofundishwa kusikia.

GARI LISILOSIKIA

Mwenyeji wangu Dodoma ni mtumishi wa ofisi moja ya umma, mzaliwa wa upande wa Bahi. Ana Toyota Celica ya mwaka 1996, gari la michezo la milango miwili, lenye taa nne za mviringo usoni. Aina hii si ngeni kwa macho ya wapenda mbio, ingawa kwa matuta ya mitaani ni gari la kuendeshwa kwa subira, maana tumbo lake liko karibu sana na ardhi. Afrika Mashariki imekuwa na mapenzi na magari ya michezo ya Japani tangu zamani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo.

Celica ya mwenyeji wangu haikuwa na haja ya kushinda mbio. Ilikuwa na haja ya taarifa ya habari. Redio iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa nzima, taa zake ziliwaka, vitufe vyake vilibonyea, lakini katika FM ilitoa mvumo mtupu.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Kwa miaka mingi Japani ilitumia FM kati ya megahezi 76 na 90. Sisi hutumia kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya Japani inapofika mwisho wa kipimo chake, sehemu kubwa ya stesheni zetu ndiyo kwanza zinaanza. Ni sawa na mtu mwenye ngazi fupi anayejaribu kuchuma embe la kileleni. Jambo la kufurahisha ni kwamba katika mawimbi ya kati redio hizo hazina kosa lolote, kwa kuwa Japani na Afrika hutumia hatua zile zile za kilohezi 9. Lau gari hili lingefika wakati Radio Tanzania ilipokuwa ikitegemea mawimbi ya kati, mwenyewe asingejua kwamba lina upungufu.

Wapo wanaotibu ugonjwa huu kwa kijisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa eriali. Kijisanduku hicho huteremsha masafa, ili stesheni ya 100 isikike, kwa mfano, kwenye 80. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, lakini ina mipaka. Uwanja wetu ni wa megahezi 20 na ushei, wa Kijapani ni 14 tu, kwa hiyo kuna stesheni zitakazobaki nje. Tena namba inayoonekana kwenye kioo si namba ya stesheni. Mwenyeji wangu aliamua kununua redio mpya, yenye tundu la flashi na uwezo wa kuunganishwa na simu bila waya.

Lakini ndani ya redio ya zamani kulikuwa na kaseti.

KILICHOKUWAMO KINYWANI MWA REDIO

Tulilipeleka gari kwenye karakana moja upande wa Kizota, mahali penye kelele za nyundo na harufu ya mafuta, ambapo mafundi hufanya kazi chini ya mabati na mti mmoja wa mwarobaini. Fundi, kijana wa makamo, hakushika bisibisi mara moja. Aliwasha redio, akasikiliza, kisha akauliza, "Ndugu, humu ndani pana kaseti. Ni ya nini?"

Mwenyeji wangu akaeleza. Kaseti ile ina sauti ya marehemu baba yake akipiga ilimba, yaani marimba ya vidole ya Wagogo, nyumbani kwao, jioni moja ya miaka ya 1980. Ndugu mmoja alirekodi kwa redio kaseti ya nyumbani. Hakuna nakala nyingine. Alipolinunua gari akafurahi kukuta redio inayocheza kaseti, akaitia humo, akawa anaisikiliza kila aendapo kazini. Miezi kadhaa iliyopita sauti ilianza kuvutavuta, kana kwamba mpigaji amechoka, naye akaizima asiiguse tena.

"Umefanya vema," fundi alisema. "Ungeendelea, ingekula utepe wote."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kazi tuliyoijia haikuwa ya redio peke yake. Redio mpya hazina tundu la kaseti. Kumpa mwenye gari habari za leo kulimaanisha kuifunga njia ya sauti ya baba yake, na kuiacha njia hiyo wazi kulimaanisha kuihatarisha kaseti yenyewe. Ndani ya mashine ya kaseti mna mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha magurudumu. Ukikaa miaka mingi, hasa katika gari linaloanikwa juani, mpira hulegea au hugeuka kama lami. Utepe ukivutwa upande mmoja bila kupokewa upande wa pili, hujikunja ndani ya mashine na kukatika.

Fundi hakubonyeza kitufe cha kutolea kaseti. Kwanza alifungua waya hasi wa betri, kwa kuwa hapana budi umeme ukatwe kabla mkono haujaingia nyuma ya dashibodi. Akang'oa fremu ya plastiki polepole, kwani plastiki iliyopikwa na jua kwa miaka karibu 30 huvunjika kama biskuti. Akafungua skrubu nne, akaivuta redio nje, akaiweka mezani na kuondoa kifuniko chake cha bati. Vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limetanda ndani kama unga. Kwa vidole viwili na kibano akaiachilia kaseti, akainyoosha sehemu ya utepe iliyokunjamana, akaurudisha utepe kwa kuzungusha gurudumu kwa kalamu ya risasi, kama tulivyokuwa tukifanya sote utotoni.

Kaseti haikurudi garini. Ilikwenda kwa mzee mmoja mtengenezaji wa redio jirani na soko la Majengo, ambaye bado anayo mashine nzima ya kaseti. Kutoka hapo sauti ilipitishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 yataka dakika 60 za kusikilizwa, 30 kila upande. Mzee yule alikaa nayo muda wote, akiangalia kipimo cha sauti kisivuke alama nyekundu.

NYAYA ZENYE RANGI ZA KUDANGANYA

Wakati huo fundi wetu aliendelea na gari. Wasomaji wenye magari na wayaangalie maneno yafuatayo kwa makini, maana hapa ndipo fedha za watu wengi hupotelea.

Nyuma ya redio ya Toyota ya miaka ile kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Ile ya pini 10 huleta umeme pamoja na spika za mbele. Ile ya pini 6 ni ya spika za nyuma. Fundi mwenye haraka huzikata plagi hizo na kuunganisha waya kwa waya kwa kufuata rangi. Rangi hudanganya. Katika nyaya za Toyota, waya wa kijivu ndio unaoleta volti 12 ufunguo unapozungushwa. Katika redio mpya zinazouzwa madukani, waya wa kijivu ni wa spika ya mbele kulia. Anayefunga kijivu kwa kijivu hupeleka umeme wa betri moja kwa moja mahali panapotoka sauti, na redio aliyoinunua asubuhi inaweza kufa kabla ya adhuhuri.

Redio mpya ina utaratibu wake: waya wa njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na kumbukumbu, mwekundu ni umeme wa ufunguo, mweusi ni wa bodi. Katika Toyota umeme wa kudumu huja kwa waya wa bluu wenye mstari wa njano, na wa bodi ni wa kahawia. Wa njano na mwekundu wakibadilishana, redio husahau stesheni kila gari linapozimwa. Wote wawili wakifungwa kwenye umeme wa kudumu, redio huweza kunywa betri usiku kucha. Na waya hasi wa spika usifungwe kamwe kwenye bodi ya gari, hata kama magari ya kale sana yalifanya hivyo, kwa sababu katika redio za sasa nyaya zote mbili za spika hubeba sauti.

Fundi hakukata hata waya mmoja wa gari. Alitumia plagi za kuungia: upande mmoja huingia katika plagi za Toyota, upande wa pili aliuunganisha na nyaya za redio mpya kwa risasi ya kuchomelea, akafunika kila kiungo. Kwanza alipima kila waya kwa mita. Nilimwuliza sababu ya kujisumbua hivyo kwa gari la zamani.

"Gari hili litauzwa siku moja," akajibu. "Atakayelinunua akitaka kuirudisha redio ya kiwandani, aikute njia yake."

Palikuwa na jambo jingine la vipimo. Tundu la redio katika magari mengi ya Toyota lina upana wa milimita 200, ilhali redio nyingi za madukani zina milimita 180. Nafasi inayobaki pembeni huzibwa kwa vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwenye kununua redio bila kupima huishia kuona mapengo, au kuuona mlango wa dashibodi ukitobolewa kwa kisu.

Na msomaji asidanganyike na maandishi ya kwenye boksi. Wati 50 mara 4 ni nguvu ya kilele cha nukta moja. Redio inayotegemea volti 14 za gari peke yake, ikisukuma spika ya kawaida ya omu 4, haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya wati 20 na kitu kwa kila spika. Kiasi hicho chatosha kabisa ndani ya gari dogo.

MLIO ULIOMCHANGANYA FUNDI

Alasiri redio ilikuwa mahali pake. Taarifa ya habari ilisikika wazi, mwenyeji wangu akacheka peke yake kama mtoto. Kisha akatia flashi iliyotoka Majengo.

Ilimba ikaanza. Nyuma ya sauti tamu ya vyuma palikuwa na mzizimo, zzz, zzz, kila kidole kiliposhuka. Fundi akakunja uso. Aliinamia mlango wa kushoto, akaweka sikio. "Spika imechanika," akasema. "Karatasi yake imekaushwa na jua. Tununue mpya."

Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Jua la uwanda huu hukausha kweli kingo za spika hadi zikatoboka. Lakini palikuwa na mzee mmoja Mgogo aliyekuwa akingoja trekta lake litengenezwe. Akanyanyua mkono. "Hebu, wanangu, mwacheni huyo apige. Hiyo si spika. Ndivyo ilimba inavyolia."

Akatueleza kwamba sanduku la ilimba hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba unaotokana na kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo hutetemeka pamoja na kila sauti na kuipa uzito. Ilimba isiyozizima, kwa sikio la Mgogo, ni kama mboga isiyotiwa chumvi.

Fundi, kwa kuwa ni fundi, hakukubali kwa maneno tu. Akarudisha taarifa ya habari: msomaji wa habari hakuzizima. Akahamisha sauti yote kwenye mlango wa kulia, akaicheza ilimba tena: mzizimo ukahamia kulia. Hitilafu ya spika hubaki kwenye spika yake. Mzizimo huu ulifuata wimbo. Spika zikabaki zile zile, na fedha ikabaki mfukoni.

Dunia iliwahi kuusikia mlio huo kupitia kwa Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefanya kazi zake Bagamoyo na kupiga ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko, hadi alipofariki mwaka 2003. Lakini ni vema kukumbuka kwamba yeye alitoka katika nchi yenye wapigaji wengi waliopiga jioni mlangoni mwao, na wengi wao hawakurekodiwa na mtu.

BARABARA YA BAHI

Siku ya pili tulielekea magharibi, kwenye barabara iendayo Manyoni na Singida. Bahi iko mwendo wa saa moja hivi, katika bonde pana ambalo mvua zikiwa nzuri hujaa maji na kuotesha mpunga, jambo linalomshangaza mgeni anayedhani Dodoma yote ni ukame. Mbele zaidi, kabla ya Manyoni, barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa.

Barabara hii ni mwalimu mzuri wa habari za mawimbi. Tulipotoka mjini stesheni zilikuwa nyingi. Kadiri tulivyokwenda zikaanza kukwaruza, moja baada ya nyingine zikatoweka. FM husafiri karibu na mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Mnara wa mita 100 juu ya nchi tambarare hufikisha mawimbi yake kilometa 40 hivi, kisha mviringo wa dunia wenyewe huyakinga. Kilima kikiwa kati, huyakinga mapema zaidi. Mawimbi ya kati yaliambaa na ardhi, na usiku yakarudishwa na tabaka za juu za anga hadi mbali sana. Ndiyo maana wazee wa uwanda huu husimulia kwamba usiku redio ndogo ya betri iliweza kuleta nchi nzima chini ya mti mmoja.

Kwa hiyo redio mpya, pamoja na uzuri wake wote, nayo ilinyamaza njiani. Mwenyeji wangu akaigeuza kwenye flashi, na baba yake akatupeleka hadi nyumbani.

Mama yake tulimkuta akichambua kunde kivulini. "Mbukwenyi, mama," mwanawe alimwamkia kwa kuinama, nami nikatoa shikamoo. Alipoletwa karibu na mlango wa gari uliofunguliwa, akakaa juu ya kigoda, mikono magotini. Ilimba ikalia. Hakusema kitu kwa muda. Katikati ya wimbo mtu fulani katika kaseti alikohoa, na mama akanyoosha kidole: "Huyo ni baba yako mdogo. Alikuwa na kifua mwaka ule." Kisha sauti ya mwanamke ikaitikia kwa mbali, na mama akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mwanawe alikuwa ameisikia mamia ya mara bila kujua ni ya nani.

Wimbo ulipokwisha, mama akauliza swali moja tu. "Na ile kaseti yenyewe iko wapi?"

Mwenyeji wangu akaitoa katika mfuko wa shati. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga katika kitambaa, akaingia nayo ndani.

USIACHE MBACHAO

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo hayatukatazi kununua msala mpya; yanatukataza kuutupa mkeka wetu wa zamani. Redio ya kiwandani ya Celica ile sasa imefungwa katika mfuko usiopitisha vumbi, pamoja na skrubu zake nne, kabatini kwa mwenyewe. Nyaya za gari ni nzima.

Kwa msomaji mwenye gari la umri huo, ushauri ni mfupi. Pima tundu kabla ya kununua. Kubaliana na fundi, mbele ya ujira, kwamba plagi za kiwandani hazitakatwa. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza, na kila waya upimwe kwa mita pasipo kuamini rangi. Spika isihukumiwe kwa wimbo mmoja.

Na kwa msomaji asiye na gari, ambaye pengine ndiye mwenye haja zaidi, kuna neno la ziada. Katika masanduku na makabati ya nyumba zetu zimelala kaseti za harusi, za ngoma, za mahubiri na za salamu zilizotumwa kwa ndugu wa mbali. Joto na vumbi havingoji. Zitoe juani, ziweke zisimame mahali pakavu penye ubaridi, mbali na sumaku za spika. Usizijaribu katika mashine usiyoijua uzima wake. Tafuta mzee mwenye mashine nzima angali na nguvu za kukaa nayo dakika 60, tengeneza nakala zaidi ya moja, kisha uzipeleke kwa wazee wazisikilize wangali hai. Wao peke yao ndio wanaoweza kukuambia aliyekohoa ni nani.